Kabla ya Kuuliza "Umekuwa wa Ngapi?"

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwenye chakula cha hisani cha kuchangia elimu ya nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu, viongozi wetu wa dini, wazee wetu mliosafiri kutoka milimani, kina mama, vijana, na ndugu zangu wote wa Upare mliofika hapa Dar es Salaam jioni hii,

Kamati ya Elimu imenipa dakika ishirini nizungumzie namna walimu wanavyowapima wanafunzi darasani. Nashukuru kwa nafasi hii, maana jambo hili linagusa moja kwa moja fedha tunazochanga leo. Mezani yapo mapendekezo mawili. La kwanza, tununue mashine ya kudurufu ili shule zetu zitoe mtihani kila wiki. La pili, tuongeze zawadi kwa shule zitakazoongoza katika mtihani wa darasa la saba. Yote mawili yametolewa kwa nia njema na sikuja kuyabeza. Nimekuja kuomba tuongeze la tatu, tena tulipe nafasi ya kwanza: tumwezeshe mwalimu wetu kujua kila siku, akiwa bado darasani, nani ameelewa na nani hajaelewa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa ndiva. Wazee wetu walijenga mabwawa yale, maji yakajaa usiku, asubuhi yakafunguliwa yakateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kila aliyekulia kule anajua kwamba mfereji ukivuja huko juu, anayeumia ni mwenye shamba la chini, naye hujua habari hiyo wakati mahindi yameshaanza kunyauka. Ndiyo maana tuliitana msaragambo, mfereji ukasafishwa kabla ya msimu, na mtu akaupita mguu kwa mguu kuukagua. Hakuna aliyengoja mavuno ndipo aulize kama maji yalifika.

Shuleni ndivyo tunavyofanya: tunangoja mavuno. Matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, tunapigiana simu, tunafurahi au tunalaumu walimu. Lakini siku hiyo mtoto ameshavua sare. Kama alipotea njia darasa la pili, kwenye kuunganisha silabi, hakuna tena mwalimu wa kumrudisha.

Mtihani una kazi yake

Nisieleweke vibaya. Mtihani unahitajika. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hupima watoto wetu darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili na kuendelea. Nchi inahitaji kujua hali ya elimu yake, na mtoto wa mkulima wa tangawizi anahitaji karatasi ileile anayofanya mtoto wa Mbezi, ili haki itendeke. Upimaji wa namna hiyo, unaofanyika mwisho wa safari, walimu tunauita upimaji tamati.

Upo na upimaji mwingine, unaofanyika safari ikiendelea, ili mwalimu ajue leo afundishe nini kesho. Huo ndio upimaji endelevu. Mtaalamu Michael Scriven aliandika kuhusu tofauti ya aina hizi mbili mwaka 1967. Mwaka huohuo hapa kwetu Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akakosoa shule zilizofanya mtihani kuwa ndio lengo la masomo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe, asihukumiwe kwa karatasi ya mwisho peke yake. Kwa hiyo hili si jambo geni lililoletwa na wafadhili. Tulishalikubali zamani. Kilichotushinda ni kulitenda, hasa kwenye madarasa yenye watoto sitini, sabini na zaidi.

Nieleze sasa mwalimu anawezaje kupima kila siku, bila mashine wala karatasi ya kuchapwa.

Kuuliza swali, kisha kungoja

Swali ambalo mwalimu huuliza mara nyingi kuliko yote ni "Mmeelewa?" Jibu lake mnalijua, wote tulilitoa: "Ndiyooo, mwalimu!" Waliolewa wanaitika, na ambao hawakuelewa wanaitika kwa sauti kubwa zaidi ili wasishukiwe. Swali hilo halipimi kitu.

Akiuliza swali lenye jibu, wananyoosha mikono watoto watano walewale wa mbele. Mmoja anajibu, darasa linampigia makofi, somo linaendelea. Mwalimu anaondoka akiamini darasa limeelewa, kumbe waliojibu ni watano kati ya sabini.

Dawa yake ni ndogo. Mwalimu aandike jina la kila mtoto kwenye kijiti au kipande cha boksi, aviweke kwenye kopo. Aulize kwanza, angoje, ndipo achomoe jina. Hapo kila mtoto analazimika kufikiri, maana hajui nani ataitwa. Na kule kungoja kuna maana yake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza vipindi vingi vya sayansi katika miaka ya 1970, akakuta mwalimu anapouliza hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokaa kimya walipungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde mbili za nyongeza hazina bei.

Ila jambo hili lina sharti lake. Mtoto anayeitwa na kukosea asichapwe wala kuchekwa. Mtoto anayechapwa kwa kukosea hujifunza kuficha asichokijua, na mwalimu hawezi kutibu kilichofichwa.

Kibao mkononi

Wazee waliosoma miaka ile wanakumbuka vibao vya kuandikia kwa chaki. Tumevitupa, na nadhani tuliharakisha. Kila mtoto akiwa na kibao, mwalimu anatoa hesabu moja, watoto wanaandika, anasema "Inueni!" Kwa kupitisha macho mara moja anaona majibu sabini, ya wa mbele na ya wale wa kona ya nyuma.

Niwape mfano. Mwalimu ameandika 42 toa 17. Jibu ni 25. Vibao vinainuliwa na anaona 35 nyingi. Mzazi atasema watoto hawa ni wazembe. Mwalimu anayejua kusoma makosa ataona jambo jingine: mtoto amekuta 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha akatoa 1 kwenye 4 akapata 3. Hakubahatisha. Ameshika kanuni yake mwenyewe, nayo ni mbovu. Mtoto huyo hahitaji mazoezi ishirini zaidi ya kutoa, maana atakosa yote ishirini kwa namna ileile. Anahitaji mafungu manne ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili pembeni, afungue fungu moja kwa mikono yake, aone 42 ni makumi matatu na vijiti kumi na viwili. Kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Linganisheni na karatasi ya kuchagua. Swali lenye majibu matano, A hadi E, mtoto asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya tano ya kupata. Maswali arobaini ya namna hiyo, akipaka weusi kwa kubahatisha tu, kwa wastani atapata manane. Karatasi haitamwambia mwalimu manane hayo yalitoka kichwani au yalitoka kwenye bahati.

Daftari na kalamu nyekundu

Njia ya tatu ni kusahihisha madaftari. Tumezoea alama ya vema, alama ya kosa, na namba juu: 4 kwa 10. Mtoto anaangalia namba, anachungulia ya jirani yake, anafunga daftari. Amejua amekuwa wa ngapi; hajajua afanye nini.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya na wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israel. Kundi moja lilipewa alama tu, la pili likapewa maelezo tu ya nini kimefanyika vizuri na nini kirekebishwe, la tatu likapewa vyote viwili. Waliopewa maelezo tu waliendelea vizuri zaidi kwenye kazi iliyofuata. Wengi tungedhani waliopewa vyote wangewazidi, lakini walifanana na wale wa alama. Namba ilimeza maneno.

Mwalimu mwenye madaftari sabini hawezi kuandika maelezo kwa kila mtoto kila siku, na tusimdai hilo. Anaweza kuchukua madaftari kumi kwa siku, kwa zamu kama ya maji, na kuandika sentensi moja: "Insha yako ina mwanzo mzuri, sasa weka nukta mwisho wa kila sentensi." Madaftari mengine watoto wabadilishane wasahihishiane, jibu likiwa ubaoni. Mtoto anayesahihisha kazi ya mwenzake anajifunza mara ya pili.

Kumsikiliza mtoto akisoma

Njia ya nne ndiyo iliyo moyoni mwangu: mtoto asome kwa sauti, peke yake, mwalimu akimsikiliza. Darasa likisoma kwa pamoja, wimbo unakuwa mmoja na asiyejua anajificha ndani yake. Wapo wanaokariri ukurasa mzima. Mfungulie ukurasa mwingine, ananyamaza.

Kipimo chenyewe ni karatasi moja: juu silabi, chini yake maneno, kisha aya fupi, mwisho hadithi. Mtoto anaanza, na pale anapokwama ndipo alipo. Inachukua dakika chache kwa mtoto mmoja. Kipimo cha aina hii kilitumika India nchi nzima kuanzia mwaka 2005, kikafika Afrika Mashariki kwa jina la Uwezo. Watu wa kawaida walipita nyumba kwa nyumba wakiwasomesha watoto, na katika miaka ya mwanzo ya tathmini hiyo Tanzania ilionekana kwamba wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ikatoa mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, wenye mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.

Huko India hawakuishia kupima. Watoto walipangwa kwa saa moja au zaidi kwa siku kulingana na walipokwama, bila kujali darasa: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa hadithi pamoja. Hata mtoto wa darasa la tano akawekwa kwenye silabi kama ndipo alipo, na akapanda. Kipimo kisichobadilisha ufundishaji wa kesho yake ni kupoteza muda wa mtoto.

Kumtazama mtoto akitenda

Njia ya tano inahimizwa na mtaala ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024: kumpima mtoto kwa anachoweza kufanya. Anayejua eneo la mstatili asiishie kuandika urefu mara upana. Mpe kamba yenye mafundo ya mita moja moja, aende na wenzake bustani ya shule, walete jibu na waeleze wamelipataje. Mwalimu anatembea na orodha yake: nani anapima, nani anaandika, nani anaweza kueleza, nani anafuata tu. Kwenye zoezi la namna hii mara nyingi unamgundua mtoto aliyekuwa wa mwisho kwenye karatasi, kumbe ndiye anayewaelekeza wenzake.

Mtihani nao usomwe

Hata mtihani wa muhula unaweza kuwa upimaji endelevu, mwalimu akiusoma swali kwa swali badala ya kujumlisha tu. Kama watoto hamsini kati ya sabini wamekosa swali la 12, tatizo si la watoto hamsini. Somo hilo lirudiwe kwa njia nyingine. Siku hizi matokeo yanabandikwa, picha inapigwa, inatumwa kwenye makundi ya simu, na karatasi zinafungwa kabatini kabla hazijatuambia lolote.

Ndiyo maana nasita kuhusu mashine ya mtihani wa kila wiki. Mwalimu mwenye watoto sabini akipewa karatasi sabini za masomo yote kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zitaishia kwenye kujumlisha alama. Muda wa kufikiria swali la 12 ataupata wapi? Na mara nyingi karatasi hizo huishia kuwa mchango mwingine kwa mzazi wa kule kijijini. Tunaweza kununua mizani ya kila wiki, lakini mahindi hayakui kwa kupimwa.

Ninachoomba tuchangie

Kamati imekubali niweke mbele yenu mambo manne. Tuanze kwa mwaka mmoja na shule chache za msingi, za milimani na za tambarare, tuone kabla ya kupanua.

La kwanza, vibao. Mafundi seremala wetu wanaweza kukata plaiwudi na kuipaka rangi nyeusi ya ubaoni. Kila shule ipate vya kutosha darasa moja kubwa, vizunguke darasa hadi darasa. Fedha itabaki nyumbani kwa mafundi wetu.

La pili, vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya ngazi tofauti. Mtoto hawezi kupimwa kusoma kama kitabu pekee anachokijua ni kile alichokwisha kukikariri.

La tatu, siku moja kila mwezi ya walimu kukutana. Serikali ina utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukaa pamoja kujadili ufundishaji. Shule zetu ziko mbalimbali na barabara zetu mnazijua wakati wa masika. Tukitoa nauli na chakula cha mchana, walimu wa shule jirani watakutana na madaftari ya watoto mezani, wajadili makosa kama lile la 42 toa 17. Walimu wetu wanajua mengi. Wanakosa nafasi ya kuambiana.

La nne, tubadilishe zawadi. Zawadi ya shule inayoongoza huenda kila mwaka kwa walewale waliokwisha kuwa mbele. Napendekeza ipatikane na zawadi kwa shule itakayopandisha watoto wengi zaidi kutoka kwenye silabi kufika kwenye hadithi, kati ya Februari na Oktoba. Kipimo ni ile karatasi moja, na wapimaji watoke nje ya shule husika ili kusiwe na maneno.

Mkinikubalia haya, mashine ya kudurufu inunuliwe mwakani, ikachape hadithi na karatasi za kusomea pamoja na mitihani.

Neno la mwisho ni la bure

Desemba inakuja. Tutapanda milima, Waislamu, Walutheri na Wasabato, kila mtu na mizigo yake. Tutawakuta wapwa, watoto wa kaka na wajukuu wamejipanga kusalimia, na swali letu la kwanza tunalijua: "Umekuwa wa ngapi?" Wa kwanza atajibu kwa kicheko. Wa sitini ataangalia vidole vyake vya miguu.

Mwaka huu tumwite yule wa sitini akae kando yetu barazani. Tumpe ukurasa wa gazeti au kitabu chochote kilicho karibu, aanze kusoma, nasi tusikilize. Akikwama tusimkaripie. Tutie alama mahali alipokwama, kesho yake twende kwa mwalimu wake tukamwambie kwa heshima: "Mwalimu, kijana wetu amefika hapa. Tusaidiane vipi?" Mwalimu akiulizwa hivyo na watu kumi wa kijiji, ataona kwamba jamii inathamini kazi yake ya kila siku, hata ile isiyoonekana kwenye matokeo.

Wazee wetu hawakuwa na injinia, lakini maji yalifika kwa sababu mfereji ulikuwa na mtu wa kuupita. Watoto wetu nao wapate mtu wa kuwapita mmoja mmoja, mapema, kabla shamba halijakauka. Fomu za ahadi ziko mezani penu, na Mhazini anawasubiri.

Mungu awabariki, na awabariki walimu wetu waliobaki nyumbani.